Kuhama kutoka Palm au Psion kwenda kifaa kipya: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Palm, Psion na Pocket PC, yaani kompyuta za mkononi za kuandikia miadi na anwani, zilizouzwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado zimo kwenye droo nyingi, na nyingine zinatumika hadi leo. Ndani yake mna namba za simu, miadi, tarehe za kuzaliwa na maandishi ambayo hayapo mahali pengine popote. Mwenye kifaa akinunua kipya, iwe simu janja au kompyuta ndogo yenye kibodi kama Gemini ya Planet Computers iliyotoka 2018, maswali huwa yaleyale: kompyuta haikioni cha zamani, majina yamegeuka alama, miadi imesogea, kengele hazilii. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta ya kwako, anza na chanzo kilichotajwa kwanza kwa sababu ndicho kinachotokea zaidi, na usiruke ukaguzi rahisi hata kama unaona ni wa kitoto.

Kuna mambo mawili ya kushika kabla ya yote. La kwanza, usihamishe data moja kwa moja kutoka kifaa cha zamani kwenda kipya. Zitoe kwanza ziwe faili za kawaida kwenye kompyuta, uzifungue na kuzisoma kwa macho yako, ndipo uziingize kwenye kifaa kipya. Karibu kila tatizo lililoandikwa hapa hutokea katikati ya safari, na aliye na faili mkononi anaweza kurudia hatua moja iliyoharibika bila kukigusa tena kifaa kizee. La pili, usikifute kifaa cha zamani, usimpe mtu, wala usikiache kiishiwe na betri mpaka umekagua kila kitu upande wa pili.

Wenye Palm wana sababu ya ziada ya kutochelewa. Kalenda yake ilihifadhi mwaka kwa biti 7 kuanzia 1904, kwa hiyo haiwezi kuandika tarehe yoyote baada ya 31 Desemba 2031.

Kifaa cha zamani hakiwaki

Chanzo cha kawaida ni betri, lakini kabla ya kuzigusa, hakikisha skrini haikudanganyi. Palm za mwanzo zina gurudumu dogo ubavuni la kuongeza na kupunguza weusi wa maandishi. Likisogea hadi mwisho, skrini inaonekana tupu kabisa huku kifaa kinafanya kazi. Lizungushe taratibu upande mmoja, kisha wa pili.

Kama bado kimya, weka betri mpya za alkali: AAA mbili kwa Palm III, AA mbili kwa Psion Series 5 na 5mx. Betri za NiMH za kuchajiwa hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na kifaa kinaweza kulalamika kwamba betri imekwisha wakati zimejaa. Kwa kazi hii ya kuhama, tumia alkali.

Tazama pia vyuma vinavyogusana na betri. Unga mweupe au kutu ya kijani ni dalili kwamba betri za zamani zilivuja. Umajimaji huo una hidroksidi ya potasiamu, ambayo huchoma ngozi na macho. Vaa glovu, futa kwa kijiti cha pamba chenye siki kidogo au maji ya limau, futa tena kwa spiriti ya isopropili, uache pakauke kabisa kabla ya kuweka betri nyingine.

Vifaa vyenye betri ya ndani, kama Palm V na Psion Revo, vikikaa miaka bila kuchajiwa huwa havionyeshi chochote kwa muda vikiwekwa kwenye chaji. Viache kwa saa kadhaa, kisha uvianzishe upya. Kwenye Palm, kitufe cha kuanzisha upya kimo ndani ya tundu dogo la mgongoni. Hapa pana hatari. Kukibonyeza peke yake huanzisha upya tu. Kukibonyeza huku umeshikilia kitufe cha kuwashia hufungua njia ya kufuta kila kitu.

*Acha hapa* ikiwa betri ya lithiamu imevimba, kifuniko kimeinuka au kifaa kinapata joto kwenye chaji. Chomoa, usitoboe, usibane, mpelekee fundi.

Jambo linalowaumiza wengi ni hili: vifaa vingi vya wakati ule vilihifadhi data kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Palm ilianza kutumia kumbukumbu isiyopotea na Tungsten T5 mwaka 2004, na Pocket PC na Windows Mobile 5.0 mwaka 2005. Kifaa cha kabla ya hapo kilichokaa bila umeme, kikiwaka na kukuomba uguse alama za kusawazisha skrini kana kwamba kimetoka dukani leo, basi ndani hamna kitu tena.

Usikate tamaa. Geukia kompyuta uliyokuwa ukiitumia wakati ule. HotSync ya Palm, yaani kitufe cha kusawazisha kifaa na kompyuta, iliacha nakala kila ulipoibonyeza. Tafuta folda ya Palm ndani ya Program Files, au Palm OS Desktop ndani ya Documents, kisha folda ndogo yenye jina lako la mtumiaji. Humo utakuta address.dat na datebook.dat, na folda ya Backup. Nakili folda nzima mahali pengine kabla ya kuunganisha chochote. Ukisawazisha kifaa kitupu kwa mwelekeo usio sahihi, utupu wake unaweza kuandikwa juu ya nakala yako pekee.

Na kama kifaa bado kiko hai na unataka kubadilisha betri, fanya haraka. Palm III hushikilia kumbukumbu kwa takriban dakika moja tu. Psion Series 5 ina betri ya akiba ya CR2032, kwa hiyo badilisha kimoja kwanza, betri kubwa au ya akiba, na usitoe zote kwa wakati mmoja hata kwa sekunde.

Psion inawaka, lakini skrini ina mistari au nusu yake imepotea

Kwenye Series 5 na 5mx, chanzo karibu kila mara ni utepe wa nyaya unaopita kwenye bawaba na kukunjwa kila unapofungua kifaa. Fungua polepole ukiangalia skrini. Kama mistari inatoweka ukifika pembe fulani kisha inarudi ukiendelea, ni utepe.

Ukiipata pembe ambayo skrini inasomeka, iache hapohapo. Egemeza kifaa, usikifunge, na utoe data siku hiyohiyo. Kila unapokifungua na kukifunga utepe unazidi kukatika, na kuubadilisha kunahitaji kufungua bawaba nzima. *Hiyo ni kazi ya fundi aliyewahi kuifanya*, maana plastiki za umri huo hupasuka kirahisi.

Kinawaka vizuri, lakini kompyuta haikioni

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko nyingine zote, na inastahili subira, kwa sababu watu hutupa kebo nzima na vitako vizuri (vishikio vya kusimamishia kifaa na kukiunganisha) bure.

Anza na hili: Palm nyingi za USB hazijitambulishi kwa kompyuta mpaka ubonyeze kitufe cha HotSync. Ukichomeka kebo na kungoja, hutaona kitu, na ukidhani kebo ni mbovu utakuwa umeionea. Bonyeza HotSync kwanza, kisha utazame orodha ya vifaa ndani ya sekunde chache, kwa sababu Palm ikikosa jibu hujiondoa tena.

Pili, safisha vyuma vya chini ya kifaa na vya kitako kwa spiriti. Palm ikae wima kwenye kitako bila kasha lake, maana kasha nene huinua kifaa kiasi cha kukosesha mguso.

Tatu, angalia Windows yako ni ya biti ngapi. Draiva ya USB ya Palm Desktop, programu ya Palm ya kwenye kompyuta, haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, na karibu kompyuta zote za leo ziko hivyo. Hapo hakuna kebo itakayokusaidia. Njia zilizopo, kuanzia rahisi:

- Kompyuta ya zamani yenye Windows XP, hata kama haina intaneti. Ndiyo njia fupi kuliko zote kama unaweza kuazima moja.
- Bluetooth, kwa Palm zilizo nayo, kwa sababu hiyo haihitaji ile draiva ya USB.
- Linux yenye pilot-link, programu ya kuwasiliana na Palm. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako.
- Kompyuta pepe yenye Windows ya biti 32, ukiikabidhi USB ya Palm.

Kwa Linux, amri ya kuchukua nakala ya kila kitu ni hii:

pilot-xfer -p usb: -b nakala

Neno la mwisho ni jina la folda. Itengeneze kwanza kama haipo. Bonyeza HotSync, kisha papo hapo ingiza amri. Ikikataa ikisema haiwezi kufungua kifaa, mara nyingi moduli ya kernel (kiini cha Linux) iitwayo visor imeshawahi kukishika. Iondoe kwa ruhusa ya msimamizi, au itumie yenyewe: visor huunda ttyUSB0 na ttyUSB1, na kwa Palm nyingi ya kutumia ni ya pili. Ukimaliza utakuta faili za .pdb na .prc. Hizo ni nakala kamili, hata za programu usizozijua, na programu ya J-Pilot inaweza kusoma za kalenda, anwani, noti na mambo ya kufanya.

Nne, kwa vifaa vya kebo ya serial, shuku adapta. Adapta zenye chipu bandia ya PL2303 hukataliwa na draiva mpya za Windows, nawe unaonyeshwa Code 10. Adapta yenye chipu halisi ya FTDI huondoa tatizo mara nyingi kuliko kubadilisha mipangilio. Kwenye Psion, hakikisha Remote link imewashwa na imewekwa kwenye kebo, na kasi iwe ileile pande zote mbili. Ikigoma kwa 115200, jaribu 57600, halafu 19200. PsiWin, programu ya kuunganisha Psion na kompyuta, ni ya Windows za zamani. Kwenye Linux kuna plptools.

Kwa Pocket PC, Windows XP hutumia ActiveSync, na Windows zilizofuata hutumia Windows Mobile Device Center. Tangu Windows 10 toleo la 1703, programu hiyo ya pili hukwama kwa sababu huduma zake mbili haziwezi kuanza. Fungua orodha ya huduma, tafuta mbili zinazohusu Windows Mobile, uzibadilishe ziingie kwa akaunti ya Local System, kisha uwashe kompyuta upya. Kama kifaa kinaonekana na kupotea, nenda kwenye mipangilio yake ya USB uondoe alama ya mtandao wa hali ya juu.

Njia moja watu huipigania bila faida ni infraredi. Simu nyingi za leo zenye taa ya infraredi zimeiweka kwa ajili ya kuongoza televisheni. Hutuma tu, hazipokei, na hazijui lugha ya IrDA ambayo Palm na Psion huzungumza. Usipoteze jioni yako hapo. Wi-Fi pia siishauri kwa kazi hii: vifaa hivyo vilitengenezwa kabla usalama wa mitandao na tovuti haujafikia ulipo leo, na vingi hukataliwa hata mlangoni.

Kadi ya kumbukumbu, kwa upande mwingine, ni njia nzuri iliyosahaulika. Psion Series 5 inasoma CompactFlash, na Palm nyingi za baadaye zinasoma SD. Tumia kadi isiyozidi GB 2 iliyoumbizwa kwa FAT16, kwa sababu vifaa vya kabla ya SDHC havisomi kadi kubwa. Kwenye Psion, programu ya Word ina amri ya kutoa faili kama maandishi ya kawaida. Yahifadhi kwenye kadi, kisha usome kadi kwenye kompyuta.

Majina yametoka na alama za ajabu

Angalia jina moja lenye herufi ya alama na litakuambia kosa lilipo. UTF-8 na Windows-1252 ni namna mbili za kuandika herufi ndani ya faili, yaani usimbaji. Chukua José:

- Likionekana JosÃ©, faili ni ya UTF-8 lakini imesomwa kama Windows-1252.
- Likionekana Jos na alama ya kuuliza ndani ya almasi, ni kinyume chake: faili ni ya Windows-1252 na imesomwa kama UTF-8. Kwa Palm hii ndiyo ya kawaida.
- Likionekana Jos=C3=A9, faili ni vCard 2.1 (mtindo wa zamani wa faili za anwani) na programu mpya haikufungua usimbaji wake.

Kwa mawili ya kwanza, usirekebishe jina mojamoja. Fungua faili asili kwenye kihariri cha maandishi, chagua mwenyewe usimbaji sahihi wakati wa kufungua, hakikisha majina yanasomeka, kisha ihifadhi kama UTF-8 kwa jina jipya. Kwa la tatu, ipitishe faili kwenye programu ya barua pepe au ya anwani inayojua vCard 2.1, uitoe tena kama vCard 3.0.

Namba za simu zimekatika au zimeingia sehemu isiyo yake

Sababu ya kwanza ni programu ya jedwali. Ukiibofya faili ya CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi ya kawaida) mara mbili ikafunguka kwenye Excel, namba inayoanza na 0 hupoteza sifuri yake, na ndefu hugeuka kitu kama 2.55E+11. Ukihifadhi hapo, umeharibu namba zote kwa mpigo mmoja, na hakuna njia ya kuzirudisha isipokuwa faili ya asili. Ingiza CSV kupitia amri ya kuleta data, na uchague kwamba safu zote ni maandishi.

Sababu ya pili ni mpangilio wa Palm wenyewe. Kila anwani ina nafasi 5 za simu, na kila nafasi hubeba lebo uliyoichagua: kazini, nyumbani, faksi, barua pepe na nyinginezo. Mtu mmoja anaweza kuwa na barua pepe kwenye nafasi ya tatu na mwingine faksi palepale. CSV ikichukua nafasi bila kujali lebo, barua pepe zitaingia kama simu. Toa kwa vCard, ambayo hubeba lebo pamoja na namba, na tatizo hili halitatokea.

Noti zenye mistari mingi nazo huvunja CSV vipandevipande. Jibu ni lilelile.

Miadi imesogea kwa saa, au siku za kuzaliwa zimerudi nyuma siku moja

Hapa ndipo kosa dogo huzaa madhara makubwa, kwa sababu kalenda inaonekana nzima na mtu anaiamini.

Palm za mwanzo hazikujua ukanda wa saa. Ukiandika miadi ya saa 4 asubuhi, ilihifadhiwa hivyo tu. Inapotolewa kuwa faili, kompyuta inaweza kuigeuza iwe saa za UTC (saa ya kimataifa ya marejeo) kwa kufuata ukanda ambao kompyuta hiyo imewekewa. Kompyuta ya zamani iliyoazimwa, au kompyuta pepe uliyoisakinisha jana, mara nyingi imewekewa ukanda wa kwingine kabisa.

Pima hivi. Je, miadi yote imesogea kwa kiasi kilekile? Basi ukanda wa kompyuta iliyotoa faili haukuwa sahihi. Usisogeze miadi kwenye kifaa kipya. Rekebisha ukanda kwenye kompyuta ile, utoe faili upya. Je, imesogea kwa saa moja tu, na ni ya miezi fulani ya mwaka? Hapo ni mabadiliko ya saa za kiangazi: yamewashwa mahali yasipotumika, au yamezimwa mahali yanapotumika.

Siku za kuzaliwa ni kisa cha peke yake. Fungua faili ya kalenda kwa kihariri cha maandishi utafute tukio moja unalolijua. Tukio la siku nzima la tarehe 15 Machi linatakiwa kusomeka hivi:

DTSTART;VALUE=DATE:20050315

Ukikuta hivi badala yake:

DTSTART:20050314T210000Z

ujue tukio limegeuzwa kuwa saa 6 usiku ya kuamkia tarehe 15 kwa ukanda ulio saa 3 mbele ya UTC, kisha likaandikwa kwa UTC, ambako bado ni saa 3 usiku ya tarehe 14. Kwako linaweza kuonekana sawa leo, kisha likarudi tarehe 14 siku utakaposafiri na kifaa kikabadilisha saa. Kama matukio ni machache, yaandike upya kwa mkono kama ya siku nzima. Kama ni mengi, weka ukanda wa kompyuta inayotoa uwe UTC: usiku wa manane utabaki tarehe ileile kwenye faili, na kihariri cha maandishi kitaweza kubadilisha mistari hiyo yote iwe ya VALUE=DATE kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha. Ukitoa kwa njia hiyo, miadi yenye saa usiichukue kutoka faili hiyo. Ichukue kutoka faili uliyoitoa kwa ukanda wako halisi.

Kabla ya kuridhika, kagua matukio matatu: la asubuhi, la usiku sana, na la siku nzima. Yakikaa sawa yote, mengine kwa kawaida yako sawa.

Tukio la kila mwaka linaonekana mara moja tu

Faili ya .vcs ni vCalendar 1.0, na huandika marudio kwa mtindo wake, kwa mfano RRULE:YM1 3 #0, maana yake kila mwaka mwezi wa 3 bila mwisho. Kalenda za leo zinataka RRULE:FREQ=YEARLY. Zisipouelewa mtindo wa zamani, huchukua tukio na kuutupa urudiaji bila kukuambia. Kubadilisha jina la faili kutoka .vcs kuwa .ics hakusaidii, ingawa ushauri huo unasambaa sana. Ipitishe faili kwenye programu inayosoma mitindo yote miwili, kama KOrganizer ya Linux au Outlook ya kompyuta, uitoe tena kama .ics.

Kila kitu kimeingia mara mbili

Uliingiza faili mara mbili, au uliingiza mara moja kwenye simu na mara moja kwenye akaunti, na kifaa kinaonyesha zote. Angalia kwanza mipangilio ya anwani: chagua kuonyesha akaunti moja tu, uone kama nakala zimetoweka.

Zikiwa kweli ni mbili, usianze kufuta mojamoja. Google Contacts hutia kila kundi lililoingizwa lebo yake, kwa hiyo unaweza kufuta kundi zima, na pia ina amri ya kutengua mabadiliko ya hadi siku 30 zilizopita. Kalenda ni ngumu zaidi. Ndiyo maana nasisitiza utengeneze kalenda mpya tupu kwa ajili ya data za zamani, na uingize humo peke yake. Ikiharibika, unaifuta kalenda hiyo yote na kuanza tena, na miadi yako mipya haiguswi.

Kuna vitu havikuhama kabisa

Rekodi za siri ndizo za kwanza kushukiwa. Kwenye Palm na kwenye Palm Desktop, weka kuonyesha rekodi zote kabla ya kutoa faili. Kumbuka pia kwamba alama ya siri ilificha tu. Faili utakayoitoa itasomeka na yeyote, kwa hiyo usiiache kwenye kompyuta ya kuazima.

Makundi uliyoyapanga hupotea mara nyingi. Toa kundi mojamoja kwenye faili tofauti kama unayahitaji.

Data za programu nyingine, hasa za kuhifadhi nywila, hazitoki kwa HotSync katika umbo linalosomeka. Zifungue kwenye kifaa chenyewe kingali hai na unakili. Kama kifaa kimekufa lakini una nakala ya .pdb na ya programu, kiigizi cha Palm kama CloudpilotEmu kinaweza kuzifungua kwenye kivinjari, mradi una faili ya ROM (programu ya mfumo) ya kifaa chako. Nywila yake ukiisahau, hakuna njia ya mkato.

Kifaa kipya hakilii kengele za miadi

Palm na Psion ziliamka zenyewe na kulia, hata zikiwa zimezimwa skrini siku nzima. Anayetoka huko hutarajia hivyohivyo, na kwa mtu anayekumbushwa kumeza dawa, hili ni zito kuliko yote yaliyotangulia.

Kwenye Android, kagua kwa mpangilio huu. Ruhusa ya arifa: tangu Android 13 programu mpya huomba kwanza, na ukikataa mara moja hunyamaza moja kwa moja. Hali ya kutosumbuliwa, hasa kama imepangiwa saa. Kiwango cha sauti ya arifa, ambacho ni tofauti na cha simu. Kisha uokoaji wa betri: tangu Android 6 mfumo hulaza programu wakati kifaa kimetulia, na baadhi ya watengenezaji wameongeza ukali wao juu yake. Iondolee programu ya kalenda vikwazo vya betri. Toka Android 12, kuna pia ruhusa ya kengele za saa kamili, hakikisha imewashwa.

Halafu fungua miadi yenyewe. Mara nyingi kengele haikuhama na faili, na tukio halina ukumbusho wowote.

Jaribu kwa miadi ya baada ya saa moja, kifaa kikiwa mezani hakiguswi na hakipo kwenye chaji. Majaribio ya dakika mbili huku umekishika hayathibitishi chochote. Kumbusho za dawa ziache kwenye kifaa cha zamani pia mpaka kipya kimelia bila kukosa kwa siku kadhaa mfululizo.

Wakati wa kumpelekea fundi, na la kumwambia

Mbali na betri iliyovimba na utepe wa Psion, simama ikiwa kifaa kimeingia maji, kinatoa harufu ya kuungua, au kinawaka na kuzima chenyewe huku data bado zimo. Simama pia kama kadi ya kumbukumbu inakuomba uiumbize: ukikubali unaifuta, na kila unapoendelea kuitumia unapunguza uwezekano wa kuokoa kilichomo.

Ukifika kwa fundi, mwambie sentensi hii kabla hujamkabidhi: ninachotaka ni data, kifaa chenyewe si muhimu. Mafundi wengi huanza kwa kurudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani ili kiwake, na kwa Palm ya zamani hiyo ndiyo hatua inayomaliza kila kitu. Andika kwenye karatasi "usifute, usitoe betri zote kwa pamoja", uibandike kwenye kifaa.